Fundi Kaza na Gurudumu la Nyuma

Mume wangu akifunga koki, imefungwa. Ukitaka maji baada yake, tafuta mwenye misuli wa kuifungua, au msubiri mwenyewe arudi kutoka kazini. Chupa za asali tumeshazivunja shingo, kisa yeye ndiye aliyezifunga mwisho. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Fundi Kaza, na mimi, mwenye haki ya kumwita jina lolote nitakalo, namwita hivyo hivyo nikiwa na hasira naye, na nikiwa sina pia.

Ni fundi bomba. Ana viganja vipana, vidole vifupi vyenye nguvu, na sikio linalosikia tone la maji likidondoka nyumba ya jirani. Kazi alifundishwa na mjomba wake, mtu mkali kweli kweli, aliyekuwa akipita nyuma yake na kujaribu kila kiungo kwa mkono wake mwenyewe. Kikicheza kidogo tu, anamwambia fungua chote uanze upya. Kijana akakua na imani moja kichwani: kinachovuja hakijakazwa. Imani hiyo imemlisha, imetulisha na sisi, na wenye nyumba wanamsifu kwamba bomba likishapita mikononi mwake limepona.

Hata mimi alinipata kwa mkono huo huo. Nilikuwa ndiyo kwanza nimefungua chumba changu cha kushonea, cherehani ya miguu na meza ya kukatia vitambaa basi, akaja kutengeneza koki ya sinki la nyuma. Akatengeneza, akaenda zake. Nataka kunawa mikono, koki haizunguki. Nikamwita. Akaja akaizungusha kwa vidole viwili huku akinishangaa, akaifunga, akaondoka, nami nikabaki pale pale nilipokuwa. Nikamwita tena. Wateja wangu wakaanza kuchekelea, wakasema huyu fundi ana lake jambo. Wala hakuwa na lake jambo. Angekuwa na hila ningemfukuza. Nilimpenda kwa sababu alisimama pale na spana yake, jasho likimtoka, hajui kabisa amekosa nini.

Tukajaliwa mtoto mmoja, binti, na binti huyo akaipenda baiskeli kuliko chakula. Alianzia kwenye baiskeli ya kazi ya baba yake, ile nzito ya kubebea mabomba, miguu haifiki vizuri. Leo ana baiskeli ya mbio, yupo kwenye klabu, na tangu alipoanza, fundi wake alikuwa mmoja tu. Breki, cheni, usukani, kiti, vyote baba. Siku za mashindano baba ndiye aliyekuwa akisimama pale mlima unapoanza kuuma, anapaza ile sauti yake ya kuita mtu aliye darini: "Kaza mwanangu, kaza!" Na mtoto anakaza. Amelizoea neno hilo mpaka akiwa peke yake barabarani, miguu ikigoma, anajiambia mwenyewe kwa sauti. Nimemsikia kwa masikio yangu.

Sasa mwaka huu ulikuwa ndio mwaka wenyewe. Kulikuwa na mashindano ya kuchagua timu ya vijana, na wanaochukuliwa ni watano wa kwanza. Mwaka uliopita alimaliza wa sita. Wa sita, jamani! Alilia njia nzima. Na umri wake ulikuwa unamruhusu kujaribu mara moja tu tena, baada ya hapo ni mambo ya wakubwa, wenye miguu yao. Kitu alichokuwa akikitegemea ni magurudumu yake mapya, aliyozawadiwa na klabu kwa kushinda mbio za ndani. Mepesi hayo, ukiyainua unadhani umeinua kapu tupu. Alikuwa akiyafuta kwa kitambaa ninachofutia mashine yangu, bila hata kuniomba.

Halafu mvua zikaja, na barabara ya kwetu ikachimbwa ili ipanuliwe. Lori moja likammwagia tope la kutosha na kumsukumia mtaroni. Hakuumia, lakini alirudi nyumbani ameshika usukani, uso mzima udongo, macho tu ndiyo yanaonekana. Nikasema hapa baiskeli haitoki tena mpaka ardhi ikauke, na anayebisha aje anibishie mimi. Hakuna aliyekuja.

Kocha akatuokoa. Akaiazima stendi ya mazoezi ya klabu, akaileta nyumbani kwenye gari lake, imefungwa na kamba. Ni chuma chenye miguu iliyotanuka. Unakipachika nyuma ya baiskeli, mikono yake miwili inabana katikati ya gurudumu la nyuma na kulinyanyua lisiguse sakafu, na chini yake kuna rola inayolikandamiza tairi kwa kitasa cha kuzungusha. Unapiga pedali, tairi linazungusha rola, rola inakutia uzito kama wa mlima, na huendi popote. Nikamwambia binti yangu asijivune, mimi pia napiga pedali mchana kutwa kwenye cherehani yangu na sijafika hata mtaa wa pili.

Iliwekwa chumbani kwangu kwa kuwa ndicho chenye sakafu iliyonyooka. Kuifunga ikawa kazi ya nani? Ya baba, bila kuulizwa. Ndani ya mfuko mdogo ulioning'inia kwenye stendi mlikuwa na msumari mnene wa chuma, mweusi, sura mbaya, uliokusudiwa kupita katikati ya gurudumu mahali pa ule wake wa kawaida. Mume wangu akaugeuza geuza, akauona mchafu, akauweka dirishani. Akasema gurudumu zuri hivi haliwezi kuvalishwa msumari wa aina hiyo. Akaubakiza ule wake mwembamba unaong'aa, akaubana katikati ya ile mikono miwili ya stendi, akabana, akabana tena, mpaka nikasikia chuma kikilalamika. Rola nayo akaisukuma mpaka kwenye tairi, akajipangusa vumbi mikononi. Tayari.

Siku ya kwanza mambo yalikwenda vizuri, ila binti akikanyaga kwa nguvu tairi linateleza juu ya rola, linatoa sauti, shwii. Mimi sikuijali. Mume wangu alikuwa anakunywa chai mlangoni, nikaona sikio lake limesimama. Sauti ile kwa mtu wa mabomba ina maana moja. Akaweka kikombe chini, akapita nyuma ya mtoto, akazungusha kitasa.

Na hapa ndipo balaa lilipoingia, kwa mlango wa neno lenyewe. Binti yetu akiwa juu ya stendi huziba masikio kwa muziki na kuangalia ukutani. Akaona leo pedali ni nzito. Akadhani amechoka. Akajipa moyo kama alivyofundishwa: "Kaza! Kaza!" Baba aliye nyuma yake akasikia anaagizwa, akakaza. Pedali zikawa nzito zaidi, naye akajiambia kwa ukali zaidi, na baba akatii zaidi. Yaani walikwenda hivyo asubuhi baada ya asubuhi, mmoja anadhani mwili wake umepungua nguvu, mwingine anajiona mtumishi mwema, na mimi nimekaa katikati yao nashona sare za manesi, sina habari.

Dalili ya kwanza niliiona mimi. Sare zile ni nyeupe, na kwenye pindo za zile zilizokuwa karibu na baiskeli palikuwa na unga mweusi, mwembamba, unaoganda kwenye vidole. Nikamlaumu jirani anayechoma takataka, nikafunga dirisha. Kesho yake unga ukawa palepale, na harufu juu yake, ya mpira uliopata moto. Nikamwambia mume wangu. Akasema ni tairi jipya linazoea. Kwa uhakika ule aliosema nao, nani angembishia?

Lilipasuka asubuhi, nimeshika mkasi, na ninashukuru nilikuwa nakata kitambaa na si kingine. Paa! Chumba kizima kikalia. Binti yangu alibaki ameshika usukani, mdomo wazi. Na mume wangu, aliyekuwa jikoni, unajua alikimbilia wapi? Alikimbilia koki kuu ya maji, nje, akaifunga. Alidhani bomba limepasuka. Alirudi amelowa mvua mabegani, anatuuliza maji yanatokea wapi.

Nilicheka, nikiri nisikiri. Nilicheka mpaka nikaona sicheki na mtu.

Binti yetu alikuwa ameshuka, ameichomoa baiskeli, na analizungusha gurudumu kwa mkono. Tairi lilikuwa limechanika, na katikati yake limelika likawa bapa kabisa. Hilo lingekuwa dogo. Lakini gurudumu lenyewe, lile ambalo zamani ukiligusa linazunguka mpaka unasahau, sasa lilikwenda kidogo likasimama, na ndani yake kukawa na sauti ya mchanga. Ule msumari mwembamba unaong'aa ulikuwa umepinda. Akauliza nani amekaza namna hii. Baba yake akasema kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi kwamba ni yeye, si uliniambia mwenyewe kila siku, kaza, kaza?

"Nilikuwa najiambia mimi, Baba."

Nikaona neno lile linavyomwingia. Liliingia polepole, likafika, na uso wake ukaporomoka. Akanyoosha mkono kulishika gurudumu, na mtoto akalivuta upande wake. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

"Usiiguse tena baiskeli yangu."

Mume wangu akatoka nje akaenda kufungua koki kuu. Alikaa huko muda mrefu kuliko koki inavyohitaji.

Tulikwenda mimi na binti kwa Spoki. Spoki ni fundi baiskeli, mwanamke mrefu mwembamba, ndiyo asili ya jina, mwenye duka dogo lililojaa magurudumu mpaka darini. Alilichukua gurudumu, akalizungusha karibu na sikio, akafumba macho. Mtoto wangu alikuwa amenishika kiwiko, kucha zinaniingia. Spoki akasema ringi ni nzima na spoki ni nzima, zilizokufa ni beringi, zimebanwa mpaka zikaumana. Atatia nyingine, na kabla ya mashindano gurudumu litakuwa limerudi kama lilivyokuwa. Binti yangu akaachia kiwiko changu, nikapata damu tena.

Lakini Spoki hakutuacha twende bila kutupa vidonge vyetu. Akasema gurudumu la mbio lisikanyage stendi tena, hata kwa bahati mbaya. Akatungua gurudumu kuukuu lililokuwa likining'inia pale, akalivalisha tairi zee gumu, akasema hili ndilo la kuteswa. Akatuuliza ule msumari mnene mweusi uko wapi. Dirishani, nikasema. Akasema ule ndio umetengenezwa kubanwa na stendi, huo mwingine umetengenezwa kung'aa. Kisha akatueleza, pole pole kama anafundisha watoto: tairi lijazwe upepo vizuri kila mara kabla ya kupanda, maana lililolegea ndilo linaloteleza na kumtia mtu wazimu wa kukaza. Rola na tairi vifutwe vumbi. Mikono ya stendi ishike gurudumu lisicheze, basi, isilinyonge. Rola ikandamize kiasi kwamba ukilishika tairi lisizunguke na ukijaribu kuigeuza rola kwa kiganja, haitelezi. Hapo imetosha. Na ukimaliza, irudishe nyuma, usiiache imelalia tairi mpaka kesho, italiachia kibonyeo.

Akauliza nani anamfungia stendi nyumbani. Binti yangu akasema atafunga mwenyewe.

Alifunga mwenyewe. Namjua, nilimzaa, lakini ile asubuhi niliona kitu ambacho sikuwa nimekiona. Alipiga magoti nyuma ya ile stendi, uso umekunjamana, akaanza kuzungusha kitasa, na kila alipokifikisha mwisho akaongeza. Mkono wa baba yake kabisa! Chuma kikalia vile vile. Alipopanda, mabega yakapanda hadi masikioni, vidole vikauminya usukani kana kwamba utamkimbia, na kocha alikuwa amemlalamikia jambo hilo tangu zamani: unatumia nusu ya nguvu zako kujinyonga. Baada ya muda mfupi harufu ya mpira ikarudi. Akashuka, akalegeza, tairi likateleza. Akakaza, likanuka. Akaketi sakafuni, akaegemea meza yangu ya kukatia, akalia. Siku zilikuwa zinakwisha na miguu yake ilikuwa haijafanya kazi yoyote ya maana.

Na baba mtu? Baba mtu alikuwa amegeuka mtu mwingine. Koki zetu zote zilianza kufunguka kwa kidole. Chupa ya asali ilifunguka hata kabla sijaishika vizuri, ikanimwagikia. Nyumbani hilo lilikuwa raha, lakini aliipeleka tabia hiyo kazini, akafunga sinki la mwalimu mmoja kwa woga, na sinki likavuja. Hilo halikuwa limetokea tangu nimjue. Mafundi wenzake wakaanza kumwita Fundi Legeza, kwa utani, na yeye akawa anatabasamu wakimwita. Mimi sikutabasamu. Roho iliniuma kumuona mtu aliyekuwa akiingia kila nyumba kifua mbele sasa anaomba radhi kwa spana yake.

Siku hiyo hiyo mtoto alipolia, nilimngoja mume wangu arudi, nikamketisha kwenye cherehani yangu. Hajawahi kuketi hapo. Nikampa vipande viwili vya kitambaa, nikamwambia ashone. Akasema mimi nimechanganyikiwa. Nikamwambia ashone tu, na kwanza arekebishe mkazo wa uzi kwa kile kitufe kidogo pembeni. Akakizungusha kwa mkono wake wa kawaida. Akakanyaga, uzi ukakatika. Nikautia tena sindanoni, nikamwambia ajaribu. Akakizungusha upande wa pili kwa ule mkono wake mpya wa uoga, na uzi ukajaa chini ya kitambaa kama nywele zisizochanwa. Nikautia tena.

Mwisho nikamweleza nilichokuwa nacho moyoni. Bomba lina tabia nzuri, likifika mwisho linagoma, nawe ukigomewa unajua umefika. Uzi haugomi. Uzi unakutii, unakutii, kisha unakatika. Mpira ni hivyo hivyo, na zile beringi ni hivyo hivyo. "Na mtoto ni hivyo hivyo," nikasema, "hivyo acha kungoja ugomewe. Sikiliza kabla."

Kisha akaegemea mbele, akaweka vidole viwili tu juu ya kitufe, akakisogeza kidogo, akashona kidogo, akakunjua kitambaa akakiangalia kwenye mwanga, akakisogeza tena. Hakuacha mpaka mshono ulipolala. Akaupapasa kwa dole gumba, mbele na nyuma, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tairi lipasuke. Kitambaa chenyewe alikikunja akakitia mfukoni, na mimi nikajifanya sikuona.

Asubuhi aliingia chumbani mikono nyuma. Binti alikuwa ameshaipachika baiskeli na gurudumu lile kuukuu, amesimama anaikodolea stendi. Baba yake akamwambia hataigusa bila ruhusa, ila anaomba ajaribu, na akikosea atatoka mwenyewe. Mtoto akanitazama. Nikajishughulisha na sindano. Akasogea pembeni.

Mume wangu alianza na pampu. Akalijaza tairi, akaliminya, akaongeza. Akaipangusa rola. Akaukagua ule msumari mweusi, ambao binti alishaupitisha katikati ya gurudumu, akahakikisha umekaa sawa, akabana mikono ya stendi, akalisukuma gurudumu kushoto kulia, likatulia, akaacha. Niliona kabisa mkono wake ukitaka kuongeza. Akautoa, akaufuta kwenye suruali. Kwenye rola alizungusha kitasa kama alivyozungusha kitufe changu, akilishika tairi kwa mkono mmoja na kuijaribu rola kwa kiganja cha mwingine. Iliteleza. Akasogeza. Ikateleza kidogo. Akasogeza kidogo. Haikuteleza. Akasimama.

Binti akapanda. Alikanyaga taratibu, kisha kwa nguvu, kisha akainuka kwenye kiti akakanyaga kwa hasira zake zote za siku zile. Hapakuwa na shwii, wala harufu. Tairi liliimba tu, sauti moja, na cherehani yangu ikaitikia.

Hawakukumbatiana. Lakini ikawa hivyo kila asubuhi, baba anafunga, mtoto anapanda, na akishuka baba anairudisha rola nyuma na kulifuta tairi. Neno lile tulilipiga marufuku chumbani. Badala yake mume wangu, anayekaa sasa mbele ya baiskeli ambako anaonekana, akawa anayaangalia mabega ya mtoto. Yakianza kupanda, anasema kwa sauti ya chini, legeza. Mara ya kwanza binti alimkata jicho. Mara ya pili akayashusha, na vidole vyake vikafunguka kwenye usukani, na nikaona miguu inakwenda haraka zaidi bila yeye kujua. Kocha alipokuja kumtazama alimuuliza nani amemfundisha kupumua.

Hata hivyo gurudumu la mbio liliporudi kutoka dukani halikupitia mikononi mwa baba. Spoki alilileta, Spoki akalifunga, na mtoto akamshukuru Spoki. Mume wangu alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai, akasema limependeza. Nilijua hana kinyongo. Nilijua pia kwamba chai ile hakuinywa.

Siku ya mashindano barabara ilikuwa kavu. Tulikwenda kusimama pale pale anapopapenda mume wangu, mlimani, karibu na mwisho, mahali ambapo miguu husema ukweli. Watu walijaa pande zote mbili. Walipotokea kwenye kona nikahesabu haraka haraka, na binti yetu alikuwa wa saba. Uso ulikuwa umemvimba kwa bidii, mabega yapo masikioni, anauvuta usukani kana kwamba anang'oa mti. Watu wote wakapaza sauti, kaza, kaza dada, kaza, na mimi nikiwamo, maana nitasema nini kingine? Kadiri tulivyopiga kelele ndivyo alivyozidi kujibana. Mume wangu peke yake alikuwa kimya. Nikampiga kiwiko. Nikamwambia sema kitu, mtoto anatupita.

Akajaza kifua, ile sauti ya kuita mtu aliye darini ikatoka yote.

"Legeza, mwanangu! Legeza!"

Watu wakageuka. Jamaa mmoja mbele yetu akacheka, akamuuliza mume wangu kama yule si mtoto wa jirani anayemuombea mabaya. Lakini mimi sikumwangalia jamaa. Nilimuona binti yangu ameisikia. Katikati ya kelele zote zile aliisikia, nikaona mabega yakishuka, viwiko vikafunguka, kichwa kikatulia, na miguu, ambayo ndiyo pekee iliyokuwa na kazi pale, ikapata nafasi ya kuifanya. Akampita mmoja mbele ya macho yetu. Akawapita wengine wawili pale juu. Tulikimbia, mimi na sketi yangu na yeye na umri wake, tukafika mwisho hatuna pumzi, na kocha akatuonyesha vidole vinne.

Wa nne. Nilipiga kigelegele mpaka sauti ikakatika.

Alikuja kwetu akitembea, anaisukuma baiskeli, chumvi ya jasho imemkaukia usoni. Gari la klabu lilikuwa linangoja, na ili baiskeli ipakiwe lazima gurudumu la nyuma litolewe. Spoki alikuwa amesimama karibu yetu na kitambaa begani, akanyoosha mkono kuipokea. Binti yangu akamwinamishia kichwa kwa heshima, akampita. Akaenda kusimama mbele ya baba yake.

"Baba, nifungulie gurudumu."

Mume wangu akanitazama kwanza, sijui alitaka nimpe ruhusa gani. Kisha akapiga magoti kwenye lami, akaufuta mkono wake kwenye suruali, akaweka vidole viwili kwenye ule mkono mdogo wa kufungulia, akausikiliza, akaufungua.